Gharama za mashua kubwa nazijua, lakini ndoto haiondoki. Mliovuka mnasemaje?

MwanaTanga

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nina mashua ya tanga ya mita 6.5, ya faibaglasi, mwaka wa 11 sasa niko nayo. Naipenda. Ndiyo niliyowafundishia wanangu wawili kushika kana, yaani mkono wa usukani, na mke wangu, ambaye mwanzoni alikuwa akikamata ukingo kwa mikono miwili, leo anasoma upepo kuliko mimi. Ila ndani humo mtu hasimami. Toka sakafu hadi dari ni mita 1.35. Kupika ni kwa magoti, kuvaa suruali ni mpaka ulale chali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi kuinama sikukuogopa, miaka yote hiyo.

Mwezi uliopita tulilala nangani wote wanne usiku wa mvua. Binti yangu ana miaka 15 na amerefuka ghafla, miguu yake inapita mwisho wa kitanda. Juu ya pale miguu inapoishia kuna boliti ya kishikio cha sitahani, inavuja. Tone, kimya, tone. Nikamwona kwa mwanga wa taa akivuta miguu na kujikunja, hakusema kitu. Asubuhi akaniuliza kwa upole kama safari ijayo anaweza kubaki nyumbani.

Neno lile limenikaa. Jumamosi iliyofuata nikachukua kamba na vigingi, nikachora uani mashua ya mita 10 kwa ukubwa wake halisi, upana mita 3.3. Nikagawa vyumba kwa kamba nyembamba: jiko, meza ya ramani, vitanda vya shetri (nyuma), kitanda cha omo (mbele). Binti akatoka ndani, akatazama, akauliza chake ni kipi. Nikamwonyesha. Akaingia kwa kupitia "mlangoni", akalala majanini, akajinyoosha mikono na miguu. "Hapa natosha," akasema. Kamba ziko uani hadi leo. Kila jioni nikirudi kazini nasimama "usukani" kidogo kabla sijaingia ndani.

Sasa upande wa daftari. Nikijibana miaka mitatu, kununua iliyotumika naweza. Ninachoogopa ni kuitunza. Wenye mashua wengi hukadiria matunzo ya mwaka kuwa kama sehemu moja ya kumi ya bei, na nikiangalia risiti zangu naona makisio hayo hayako mbali. Gati na kupandisha nchi kavu hulipwa kwa mita. Rangi ya chini mimi natumia lita 2, kule itakuwa karibu 5. Matanga, kamba, mnyororo, kila kitu kinapanda pamoja. Na baada ya miaka mitatu ya kujibana, binti atakuwa na 18. Hesabu hiyo ndiyo inayouma kuliko ya fedha.

Mliotoka ndogo mkaenda kubwa: mlipata mlichokitaka? Nini hamkuambiwa? Nijibuni kwa ukweli, hata kama ni wa kuvunja moyo.

---

MamaJoshi

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Mimi na marehemu mume wangu tulitoka mita 7.5 tukaenda 10.4, kwa hiyo nakueleza nilichokiona.

Urefu unadanganya. Mtu anasikia mita tatu na nusu zaidi, anadhani ni sebule kidogo imeongezeka. Mashua mbili zikiwa na umbo lilelile, eneo la tanga hukua kwa mraba wa urefu, na uzito kwa mchemraba. Toka 6.5 hadi 10, piga hesabu mwenyewe: tanga linazidi mara mbili, na uzito unafika mara tatu na nusu na ushei. Yako nadhani ni tani moja na nusu. Hiyo ya uani kwako ni tani tano.

Tani tano hazisukumwi kwa mguu. Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa tunaingia gatini na upepo wa nyuma kidogo, nami kwa mazoea ya mashua ndogo nikapeleka mkono kuizuia isiguse. Vidole viwili vilivunjika. Mashua wala haikupunguza mwendo. Tangu siku ile kila aliyepanda kwetu nilimwambia kabla ya salamu: usiweke kiungo chako kati ya mashua na kitu kingine, acha ikwaruzike.

Na nanga. Mnyororo wa milimita 8 una kama kilo 1.4 kwa mita. Wa milimita 10 unazidi kilo 2.2. Ukiwa na mita 30 chini, tofauti yake unaijua mgongoni alfajiri upepo umegeuka na lazima muondoke. Sisi tulivuta kwa mikono msimu mmoja, tukashindwa, tukanunua winchi ya umeme. Winchi ikataka betri kubwa, betri zikataka chaji, chaji ikataka nyaya mpya. Kitu kimoja kikubwa hakiji peke yake.

Lakini usidhani nakukataza. Faraja ipo na ni kubwa. Mawimbi yaliyokuwa yanatupiga mrama ile kubwa iliyapasua. Usiku mmoja zamu yangu nilikuwa usukanini, bahari imechafuka, nikachungulia ndani nikamwona mume wangu amelala kabisa, mkono umening'inia, kikombe mezani hakijamwagika. Katika ile ndogo hakuwahi kulala hivyo hata mara moja. Nilikaa pale nikamwangalia tu. Usingizi ule ulikuwa na thamani kwangu kuliko kasi yote.

---

Mfuasi wa Upepo

Kaka, mimi nakuomba ufikirie tena hiyo 10. Robin Knox-Johnston alizunguka dunia peke yake bila kusimama mwaka 1968 hadi 1969, siku 312, kwa Suhaili yenye mita 9.8. Joshua Slocum, wa kwanza kuzunguka peke yake, 1895 hadi 1898, alikuwa na Spray ya mita 11 na kitu, tena aliipokea gofu limeoza shambani akalijenga upya kwa mikono yake miezi 13. Sasa sisi wa safari za siku mbili tatu tunahitaji nini zaidi ya hapo?

Halafu fikiria kina. Yako bila shaka mkuku wake, ule uti wa chini ya tumbo, hauzidi mita moja. Mashua nyingi za mita 10 zinataka 1.6 au 1.8 za maji. Yale mahori unayoingia leo, watoto wakaruka ufukweni, utayaangalia kwa mbali. Mimi na yangu ya mita 6 napwelewa makusudi, natembea kuizunguka nikiikagua tumbo, maji yakirudi naondoka. Raha hiyo sitaibadilisha.

---

FundiKalafati

Habari wakuu. Mimi ni wa kutengeneza, siyo wa kuota, lakini nimeipenda hiyo kamba uani.

Bei ya kununua isikutishe wala isikufurahishe. Mashua inayouzwa rahisi mara nyingi bei yake iliyobaki imejificha ndani. Ukienda kuangalia, nenda na nyundo ndogo ya plastiki. Gonga sitaha yote polepole. Sitaha nyingi za faibaglasi zina mbao nyepesi katikati, zimebanwa juu na chini. Ikilia kavu, kali, ni nzima. Ikilia bubu kama umegonga gunia, maji yameingia na mbao imeoza. Gonga hasa kuzunguka boliti, vishikio na nguzo za ukingoni.

Kisha vile vibao vya chuma vinavyoshika waya za mlingoti ubavuni. Juu vinang'aa, kila mtu anaviona vizuri. Pale vinapopenya sitaha, palipofichika na penye unyevu usiopata hewa, chuma kisichoshika kutu nacho huliwa. Nimeng'oa kimoja kikakatika mkononi mwangu, na wiki ileile mlingoti wote wa mwenyewe ulikuwa ukikitegemea. Waya zenyewe uliza umri: miaka 10 hadi 15 ndiyo wengi wanabadilisha zote, na kama muuzaji hajui umri, hesabu kuwa zimekwisha.

Boliti za mkuku: tazama kiungo cha mkuku na tumbo kwa nje, ukiona mstari wa kutu unashuka, simama hapo. Ndani fungua sakafu uonje maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ya mashua, kwa ncha ya ulimi. Ya chumvi na ya mvua hayana asili moja, na ukiyajua unajua pa kutafuta.

Injini isiwashwe kabla hujafika. Mwambie muuzaji aiache ya baridi. Iliyokwishapashwa moto inaficha mengi.

Na hiyo boliti inayomdondokea mtoto usiisubirishe miaka mitatu. Ifungue, panua tundu kuliko boliti, chokonoa mbao iliyooza mpaka ufike kavu, iache ikauke vizuri, ziba kwa epoksi yote, ikikauka toboa tena katikati ya ile epoksi kwa saizi ya boliti, rudishia na gundi ya kuzuia maji. Hapo hata gundi ikichoka, maji hayafiki kwenye mbao. Ni kazi ya siku mbili.

---

MwanaTanga

Asanteni sana. Fundi, kuhusu boliti nimeona haya kidogo, kwa sababu ni kweli, niliacha kuitengeneza nikijiambia mashua yenyewe nitaiuza.

Mama, pole kwa vidole, na pole zaidi kwa mzee. Kile kikombe kisichomwagika nimemsimulia mke wangu akanyamaza muda mrefu.

Mfuasi wa Upepo, nakubaliana nawe juu ya Suhaili na Spray, nawaheshimu sana hao. Ila walikuwa peke yao. Mtu mmoja ndani ya mita 9.8 ana nafasi ya kifalme. Mimi sitafuti kuzunguka dunia, natafuta watu wanne wakeshe na mvua bila mmoja wao kutamani kubaki nyumbani. Na kasi siihitaji, ingawa nimeipigia hesabu: kwa urefu wa sehemu ya yangu inayokaa majini, kikomo ni kama maili 5.8 za bahari kwa saa, na ya mita 10 inafika 7. Usiku na mchana ni karibu maili 30 zaidi. Ni nyingi, lakini sizo zinazonivuta.

Mahori ndiyo yamenigusa. Hilo sikuwa nimelifikiria.

---

MamaJoshi

Basi nikupe kipimo changu, mwanangu. Usianze na vitanda. Jiulize: wewe ukilala na homa, mkeo peke yake anaweza kupunguza tanga, kubisha (kwenda kinyume cha upepo), na kutia nanga giza likiingia? Urefu ambao jibu lake ni ndiyo, huo ndio wenu. Kwangu, baada ya kubaki peke yangu, jibu lilikuwa mita 8.5, na niko nayo mpaka sasa. Kuiuza ile kubwa nililia, lakini hii naipeleka mwenyewe.

Tena kabla ya kununua, ombeni kusafiri na mtu mwenye ya ukubwa huo, siku tatu nne, nyote wanne. Mkeo ndiye ashike usukani wakati wa kuingia gatini.

---

MwanaTanga

Narudi na habari baada ya wiki mbili.

Boliti nimeitengeneza kama Fundi alivyoelekeza. Mbao ya ndani ilitoka nyeusi, laini kama mkate uliolowa, upana wa kiganja. Jana nilimwaga ndoo nzima juu yake huku binti amelala chini anatazama kwa tochi. Hakuna hata tone.

Jana hiyohiyo jioni nikamsomea mke wangu kipimo cha Mama. Alifikiri, akasema ya 10 hapana, akiwa peke yake hataiweza, na hataki mashua ambayo lazima nisiugue. Tukaenda uani wote. Nikang'oa vigingi vya omo nikavisogeza ndani, tukafika mita 8.7, upana 2.9. Meza ya ramani imeondoka. Jiko limekuwa la mtu mmoja. Tani zimeshuka hadi tatu na kitu, na zipo za urefu huo zenye mkuku wa mita 1.2, kwa hiyo mahori mengi yatabaki yetu. Kwa daftari langu, miaka mitatu imekuwa mwaka mmoja na nusu.

Binti akaja bila kuitwa, akaingia "mlangoni", akalala mahali pake. Kaka yake akapiga magoti kwenye majani kutazama miguu. Kisigino kiliishia kiganja kimoja kabla ya kamba.

Fundi, kuna moja inauzwa, imekaa nchi kavu miaka miwili, mlingoti umelazwa pembeni. Tunaenda kuiona Jumamosi. Nyundo ninayo. Kwa iliyokauka muda huo wote, maji ya ngama hayapo ya kuonja, nianzie wapi?

---

FundiKalafati

Anzia usukani, ule ubao wa nyuma unaokaa majini. Shika ncha yake ya chini uutikise huku na huku, usikie kama unacheza kwenye shina lake. Kisha angalia ukingo wake wa chini kama kuna ufa wenye rangi ya kutu: kama maji yaliingia ndani, huko ndiko yalikotokea. Ukimaliza hapo, mlingoti umelazwa, hiyo ni bahati yako. Pitia kila mwisho wa waya kwa lenzi, tafuta uzi uliokatika au ufa kwenye shingo ya chuma. Piga picha zote, uzilete hapa.