Yohana na Yahya: ni jina moja au mawili?

Pwani_Tanga
Salaam aleikum, Bwana asifiwe, wanajamvi. Mtoto wa kiume anatarajiwa hapa Ngamiani. Upande wa baba wanataka Yohana, upande wa mama Yahya, na wote wanadai ni jina lile lile. Mtandaoni imeandikwa Yohana ni "zawadi ya Mungu". Ni kweli? Asili yake Kiebrania au Kigiriki?

Herufi_Tano
Kiebrania. Jina kamili ni Yohanani, kifupi cha Yehohanani. Huandikwa kwa herufi tano kutoka kulia: yodi, vavi, heti, nuni, na nuni ya mwisho yenye mkia unaoshuka chini ya mstari. Yo- ni ufupisho wa lile jina la Mungu la herufi nne, YHWH. -Hanani ni kitenzi, "amefadhili". Basi ni "Mungu amefadhili", wala hakuna zawadi hapo. Aliyeandika hivyo kachanganya na Yonathani, ambalo mwisho wake ni "ametoa". Yasomeni pamoja katika Yeremia 40:8: Yohanani na Yonathani, wana wa Karea, ndugu wawili wenye majina mawili tofauti. Na Yona ni habari nyingine kabisa, maana yake njiwa.

Kigiriki ni njia tu lilikopitia. Wagiriki hawakuwa na herufi ya kuandikia H katikati ya neno, kwa hiyo heti ikamezwa: Ioannes. Nuni ya mwisho nayo ikapisha -es, kiishio cha majina ya kiume. Kilatini kikairudisha H, Iohannes, na Wajerumani wakawa na Johannes.

Lile refu nalo lilitumiwa na watu wa kawaida. Jerusalem mwaka 1968 kilifukuliwa kisanduku cha mifupa cha karne ya kwanza kilichochorwa jina Yehohanani. Ndani mlikuwa na mfupa wa kisigino ambao bado umepigiliwa msumari wa kusulubiwa.

Ustadhi_Makorora
Mtu ni mmoja; jina ndilo lenye mjadala. Yahya bin Zakaria ndiye Yohana Mbatizaji. Lakini Waarabu Wakristo humwita Yuhanna, na hilo ndilo linalolingana na Yohanani. Yahya, kwa sikio la Mwarabu, ni "anaishi", mzizi mwingine. Wapo wanaosema maandishi ya kale ya Kiarabu, yasiyo na nukta, yangeweza kusomeka kote kuwili, Yahya au Yuhanna. Hiyo ni dhana, na ina wapinzani wake.

Kitamu zaidi kipo Sura Maryam, aya ya 13. Hapo Yahya anasifiwa kwa neno *hanan*, upole utokao kwa Mungu. Mzizi h-n-n, ule ule wa Kiebrania! Hanania na Elhanani wametoka hapo, na Hana mama yake Samweli. (Akija binti mkamwita Hana, jiandaeni na watoto wa mtaani: "Hana hana nini?")

Jambo moja tu: Yahya ni Mbatizaji peke yake. Yohana mwana wa Zebedayo hatajwi katika Kurani.

Pwani_Tanga
Ahsante shehe. Na Yoana?

Herufi_Tano
La kike, mzizi huo huo. Yupo Luka 8:3, mke wa Kuza. Yohana kwetu ni la kiume, ila mgeni akiona ile -a ya mwisho huweza kudhani ni mwanamke.

Karani_Chumbageni
Mkishakubaliana, shikeni tahajia moja. Yohana, Johana, Johanes, John: kwa mtaalamu wa lugha ni ndugu, kwa kompyuta ni watu wanne. Kinachoharibika mara nyingi ni hivi: hospitali wanaandika Yohana, cheti cha ubatizo Johanes, shule John. Hakuna anayeshtuka mpaka siku ya kitambulisho cha NIDA au pasi ya kusafiria, ndipo safari za kwa wakili kula kiapo zinapoanza. Andikeni jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, anayejaza fomu anakili kutoka hapo. Cheti kikitoka, kisomeni herufi moja moja mkiwa bado dirishani.

Na msiwapatanishe wazee kwa kuandika "Yohana Yahya". Jina la pili kwetu husomwa kuwa la baba, na mtoto atakuja kuulizwa Yahya ni nani. Bibi yake amwite Yahya nyumbani, inatosha.