Parapluies, Samouraï na Grande Illusion: tununue diski za Marekani, za Uingereza au za Ufaransa?

BintiChumbageni

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri maana nimesoma mpaka macho yananiuma na bado sijaelewa. Hapa Tanga tuko kikundi cha watu kama ishirini hivi, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafunga shuka jeupe ukutani, tunawasha projekta, tunaangalia sinema za zamani, zikiisha tunakaa kuzijadili mpaka usiku mwingi. Safari hii ni zamu ya Wafaransa na tumeshakubaliana tatu: La Grande Illusion ya Jean Renoir (1937), Les Parapluies de Cherbourg ya Jacques Demy (1964) na Le Samouraï ya Jean-Pierre Melville (1967). Tumechanga, hela inatosha diski tatu na usafiri wake, hakuna ya ziada, nikikosea moja ndiyo imetoka hiyo.

Sasa kuna diski za Criterion, ile kampuni ya Marekani inayotoa sinema za zamani, ambazo kila mtu anazisifia, kuna matoleo ya Uingereza, kuna ya Ufaransa kwenyewe, na kuna mtu yuko Mombasa ana DVD za zamani za Ulaya, ni orijino, anazitoa kwa bei chee kabisa. Deki yetu ni ya Blu-ray ya kawaida, ilitoka Dubai. Projekta ni ya 1080. Nianzie wapi jamani?

fundi_wa_deki

Dada, anza na deki kwanza, sinema baadaye. Diski zinafungwa kwa maeneo ya dunia na watu wengi wanaliwa hela hapo. Blu-ray zina herufi tatu, Marekani ni A, sisi Afrika pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati ni B. Kwa hiyo deki yako ya Dubai na diski ya London au Paris wanaongea lugha moja, hakuna shida. Criterion ya Marekani imefungwa A, ukiitumbukiza itakuletea maandishi kwamba haichezi na hapo umeshalipa mpaka ushuru.

DVD ndo kuna mkanganyiko zaidi kwa sababu huko zinatumika namba, Marekani 1, Ulaya na Mashariki ya Kati 2, halafu Afrika Mashariki tukawekwa 5 pamoja na India na Urusi. Deki iliyotengenezwa kuuzwa Dubai inatakiwa iwe 2, so hizo DVD za Mombasa zitacheza kwako ila kwa jirani aliyenunua yake hapa hapa nchini zinaweza kugoma. Upande wa DVD deki nyingi unazifungua kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti, nimeshafungua nyingi sana, ila upande wa Blu-ray usitegemee hiyo njia.

Kama unaipenda Criterion ujue tangu 2016 wanauza Uingereza pia na hizo ni B. Ila orodha yao ya kule na ya Marekani hazifanani, haki za filamu zinagawanywa nchi kwa nchi. Angalia herufi nyuma ya kasha, usiangalie jina la kampuni.

Umoja_Reels

Mi naona mnasumbuka bure. Si anunue 4K tu, zile diski za picha kali kuliko Blu-ray, yaishe? Hiyo Samouraï Criterion walitoa 4K mwaka 2024 na diski za 4K hazina mambo ya kufungiwa eneo, unacheza popote. Na kusema ukweli hizi sinema za kitambo zikiwa na zile chembechembe zinacheza cheza kwa skrini mi huona ni uchafu, afadhali ile imesafishwa ikawa laini.

fundi_wa_deki

@Umoja_Reels ni kweli 4K hazifungwi, lakini deki ya Blu-ray ya kawaida haiwezi kuisoma diski ya 4K hata uilazimishe, na ile Blu-ray wanayoweka humo humo kwenye kasha ni A. Kwa hiyo kwa deki ya dada diski zote mbili hazichezi.

mzee_wa_mkanda

Binti yangu nimefurahi kusikia Tanga kuna watu wanafunga shuka ukutani. Naomba niseme kirefu kidogo.

Mimi diski naihukumu kwa kuuliza swali moja tu, hii picha wameitoa kwenye mkanda upi? Jina la kampuni, stika, kasha zuri, hivyo vyote nakuja kuviangalia baadaye sana. Filamu inapigwa kwenye negativu, hiyo ndiyo mama, kutoka hapo wanatoa kopi, na kopi ya kopi, na kila ukishuka ngazi moja picha inapoteza kitu. Ukiskani kopi ya mwisho kwa 4K umepata picha kubwa ya kopi mbovu, basi.

Sasa ichukue Grande Illusion. Wajerumani walipoingia Paris waliibeba negativu yake wakaipeleka Berlin, kwa sababu utawala wa Hitler uliichukia mno hii filamu. Vita ilipoisha Warusi wakaikuta wakaihamishia Moscow, na miaka ya 60 ikarudi Ufaransa, kwenye hifadhi ya filamu ya Toulouse, katika kubadilishana makopo baina ya hifadhi, na pale ikakaa miaka na miaka bila mtu kujua kwamba ndiyo yenyewe, mpaka miaka ya 90 ndipo wakaitambua. Renoir mwenyewe alikuwa ameshakufa, 1979. Kwa hiyo vizazi vizima viliiangalia filamu hii kupitia kopi zilizoungwaungwa. Blu-ray ya kampuni ya StudioCanal iliyotoka Uingereza 2012 imetokana na ile negativu. Kwenye hii wala usisite.

Halafu kijana @Umoja_Reels, zile chembechembe siyo uchafu mwanangu. Uchafu ni vumbi, mikwaruzo, madoa, hivyo visafishwe kwa moyo wote. Chembe ndiyo picha yenyewe, ni punje za madini ya fedha kwenye mkanda, uso wa Jean Gabin, mwigizaji wa Grande Illusion, umechorwa kwa punje hizo, ukizifuta umefuta na vinyweleo na mikunjo ya shati. Mfano upo, Les Enfants du paradis ya Marcel Carné (1945), ilikarabatiwa kwa kazi kubwa ikatolewa upya 2011, wameskani 4K, mikwaruzo yote imeondoka, lakini watu wengi wanaozijua filamu walilalamika kwamba imepigwa pasi kupita kiasi, nyuso zimekuwa kama nta. Kila nikiitazama nasikia uchungu, maana hiyo ndiyo sura ambayo vijana watakuwa wanaijua.

Na Parapluies usinunue DVD ya Mombasa hata akikupa bure. Nitaeleza kesho, macho yamechoka.

Umoja_Reels

Sawa mzee nimekupata kwa hiyo ya chembe. Lakini stika ikisema imekarabatiwa 4K si hiyo ni 4K?

Pwani_Lyon

Hapana bro, hiyo inamaanisha wameuskani mkanda kwa 4K, ila diski uliyoshika mkononi kama ni Blu-ray inatoa pikseli 1920 kwa 1080 tu. Na siyo mbaya, skani nzuri ikishushwa kuwa 1080 bado inaonekana nzuri sana, hasa kwenye projekta ya dada ambayo nayo ni 1080.

Mimi naishi Ufaransa mwaka wa tisa huu na Le Samouraï nimeiona kwa DVD, Blu-ray na 4K, basi ngoja niwaambie nilichoona. Ile picha ya kwanza kabisa: chumba cha kijivu, madirisha mawili, katikati kizimba cha ndege, na kulia gizani kuna mtu amelala kitandani humwoni mpaka moshi wa sigara unapanda. Kwenye DVD moshi ule ulikuwa unakatikakatika vipande vya mraba, unafika nusu ya ukuta unaganda halafu unaruka, na Alain Delon, mwigizaji mkuu, alikuwa ni doa jeusi tu kitandani. Kwenye Blu-ray moshi unapanda taratibu, unaufuata kwa jicho mpaka unapopotelea, na ukiangalia vizuri unaona nguo yake na shuka ni vijivu viwili tofauti. 4K ikaongeza kwenye giza, kona ya chumba ina vitu ambavyo sikuwahi kuviona. Lakini ile hatua kubwa, ile iliyonifanya nikae vizuri kwenye kiti, ilikuwa kutoka DVD kwenda Blu-ray.

Rangi ndiyo inabidi muangalie. Melville na mpiga picha wake Henri Decaë waliikamua rangi mpaka ikabaki kijivu cha baridi, buluu kidogo. Kuna ukarabati mwingi wa miaka hii ambao picha inageuka njano au kijani, kuta zinakuwa kama zimemwagiwa chai. Kabla ya kununua tafuteni picha za kulinganisha matoleo, zipo intaneti, mwangalie kitu ambacho mnajua ni cheupe, kola ya shati, karatasi, kikombe. Kikiwa njano katika kila tukio, mchana na usiku, basi kuna aliyeongeza.

KivuSinema

Bandugu jambo kwenu. Mimi niko Bukavu, huku Kifaransa njo lugha ya masomo, kwa hiyo mimi nanunua za Ufaransa moja kwa moja. Lakini kwa dada wa Tanga naweka onyo: nyingi za kule ziko na maandishi ya Kifaransa peke yake, yale ya kusaidia batu basiosikia. Kama kikundi chako hakisomi Kifaransa hamtaelewa kitu. Ya Kiswahili sijaona hata siku moja, kwenye toleo lolote.

Na ile Grande Illusion maandishi yake ni kazi kweli kweli, kwa sababu bale batu banaongea Kifaransa, Kijerumani na Kingereza. Boeldieu na Rauffenstein, maofisa wawili ba ukoo mkubwa, mmoja Mfaransa mmoja Mjerumani, banaingia kwenye Kingereza kwa kujitenga na bengine. Sasa kama maandishi yanaonekana yaleyale kwa kila lugha, mtazamaji hajui kwamba lugha imebadilika na ule ukuta kati ya maskini na tajiri haumuoni. Halafu Boeldieu anamwambia mwenzake wa gereza hata mama yake na mke wake anabaambia «vous», ile «wewe» ya heshima. Kwa Kingereza yote ni neno moja tu. Dada, mtu mmoja akae mbele awaeleze kabla ya kuanza: huyu bwana ni kama mtu ambaye hata mke wake anamuamkia shikamoo. Batu batashika mara moja.

BintiChumbageni

@KivuSinema asante sana kaka, hiyo ya shikamoo naichukua kama ilivyo, nitasimama mwenyewe niiseme.

Mzee @mzee_wa_mkanda tunasubiri ya Parapluies.

mzee_wa_mkanda

Haya. DVD za Ulaya, na zetu pia, zilifuata mfumo wa TV wa PAL, picha 25 kwa sekunde. Filamu ilipigwa 24. Walichofanya ni kuikimbiza, asilimia 4 hivi, saa moja na nusu inaisha dakika tatu unusu kabla. Kwenye sinema ya maneno hutagundua. Lakini Parapluies yote inaimbwa, mwanzo mwisho, hata fundi gari anapoulizwa kama kazi imeisha anaimba. Muziki wa Michel Legrand ukiukimbiza unapanda, karibu nusu noti. Nilikuwa na santuri ya muziki wake, siku moja nikaicheza sambamba na DVD yangu ya zamani, wimbo wa dakika tatu DVD ikamaliza sekunde saba mbele, na sauti ya binti wa kwenye filamu imekuwa nyembamba kama ya mtoto. Wapo waliorekebisha sauti ishuke, lakini mwendo unabaki wa haraka. Blu-ray inacheza 24, ugonjwa huu haipati.

Na rangi zake zina kisa. Mkanda wa Eastmancolor wa miaka ile ulikuwa unafifia, rangi zinakufa zenyewe kwenye kopo. Demy alijua. Akatoa nakala tatu za nyeusi na nyeupe, moja inashika nyekundu, moja kijani, moja buluu, kwa sababu fedha haifi kama rangi inavyokufa. Yeye akafariki 1990, na mke wake Agnès Varda akasimamia kuziunganisha zile tatu, filamu ikarudi kwenye majumba ya sinema 1996. Ndiyo maana leo unaiona karatasi ya ukutani kwenye duka la miavuli la mama Emery, mama wa yule binti, ile mistari ya waridi na kijani, ikiwaka kama ilivyopakwa. Mwaka 2013 ikakarabatiwa tena kwa dijitali. Hiyo ndiyo uitafute, ya 2013, yenye herufi B na maandishi ya Kingereza. Ile ya Marekani ya 2014, sanduku la filamu sita za Demy, ni nzuri mno ila kwako imefungwa.

Umoja_Reels

Mzee hii ya sekunde saba imenimaliza. Nina hiyo DVD, naenda kuijaribu leo jioni.

Pwani_Lyon

Naongezea kitu kidogo. Grande Illusion ni picha ya karibu mraba, kwenye shuka itaacha weusi kulia na kushoto, mtu akikuambia ubonyeze zumu ijae kataa kabisa, unakata vichwa vya watu. Projekta iweke kwenye hali ya sinema na upunguze ule ukali wa picha, viwandani wanaupandisha mno na unafanya chembe zionekane kama mchanga.

BintiChumbageni

Wakuu nimeongea na wenzangu. Grande Illusion tunachukua ya Uingereza ya 2012. Parapluies B ya ukarabati wa 2013, nimepata muuzaji mmoja ila nyuma ya kasha haisomeki, nimemwomba anitumie picha kubwa nione maandishi ya lugha gani yamo. Samouraï ndiyo bado, kuna Blu-ray mbili za Ulaya, moja ya bei nafuu kwenye picha zake kola ya Delon naiona kama njano hivi, nyingine ni ghali zaidi na kola ni nyeupe.

Pwani_Lyon

Dada ngoja, usilipe. Nitumie viungo vya zote mbili leo, Jumamosi naenda duka la diski hapa mjini nikaziangalie mwenyewe na makasha yake nakupigia picha mbele na nyuma.

KivuSinema

Na ikikosekana yenye Kingereza, nunua ya Kifaransa. Nitawaandikia maelezo ya kila tukio kwa Kiswahili, ile filamu haina maneno mengi, dakika za mwanzo karibu kumi hakuna mtu anaongea.