Msongo wa mawazo na ugonjwa wa MS

Swali: Jamani, msongo huamsha MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo) kweli? Baada ya msiba, miguu ya mgonjwa wetu imekufa ganzi tena.

Jibu: Pole sana. Msongo peke yake hauleti MS, ila tafiti zinauhusisha na ugonjwa kurudi. Dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24 bila homa, mpelekeni kwa daktari wa neva, hospitali ya Mulago jijini Kampala kwa mfano.

Jibu: Naongeza: hapa Uganda, pimeni kwanza malaria na mkojo, maana maambukizi huleta homa. Neva iliyopoteza mayelini (utando unaoifunika) hupitisha ujumbe kwa shida mwili ukipata joto, basi ganzi ya zamani huibuka bila kidonda kipya kwenye ubongo au uti wa mgongo. Homa ikishuka, hutulia. Msikimbilie steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), hushusha kinga.

Jibu: Na dawa za MS zisikatwe matangani! Baadhi zikiachwa ghafla, ugonjwa huweza kurudi kwa kishindo.