Tupeane uzoefu: yupi kaangukiwa na jumba bovu, yupi ni mbuzi wa kafara?

Mdau wa Kiboriloni
Wakuu, habari za jioni. Huku Moshi mtu akisemwa kidogo tu, watu wanaandika "kafanywa mbuzi wa kafara". Konda karudisha chenji pungufu, mbuzi wa kafara. Kipa kafungisha, mbuzi wa kafara. Walimu, makatibu wa vikundi, mliozoea kuandika mihtasari ya vikao, mwageni mnachokijua: neno gani linakaa wapi? Zile za "mimi niliwahi kusingiziwa" tuziweke pembeni kwenye uzi huu.

Katibu, Sakina
Chukua kikoba cha watu 20, kila mmoja anaweka 10,000 kwa wiki. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Jumamosi linafunguliwa, zinahesabiwa 190,000 badala ya 200,000. Macho yote kwa mhazini.

Kama alihesabu vibaya mwenyewe, analaumiwa tu, tena kwa haki. Usimtafutie msamiati wa huruma. Kama hakuna anayejua hela ilikopotelea, ila yeye ndiye aliyekuwa na daftari, *ameangukiwa na jumba bovu*. Kama yule ambaye hakuweka hela yake ndiye wa kwanza kupaza sauti "muulizeni mhazini", basi mhazini *ameangushiwa jumba bovu*. Angalieni kitenzi: anguka, angukiwa, angusha, angushiwa. Hiyo "sh" ndiyo inayoonyesha kwamba nyuma ya ukuta kuna mtu anasukuma. Ukiweka "ameangushiwa" kwenye muhtasari umeshamtuhumu mtu mwingine, na wajumbe wana haki ya kukwambia umtaje.

Kama kuna aliyefuta mstari daftarini ili ionekane mhazini kajikopesha, hapo *amebambikiwa*. Kubambikiwa kunataka kitu cha kubandika: karatasi, kete ya bangi mfukoni, mimba. Ndiyo maana kuna kubambikiwa kesi na kubambikiwa mtoto. Lawama zenyewe, zikiwa maneno matupu, mtu hutupiwa, husukumiwa au hubebeshwa.

Mwalimu, Pasua
Katibu kamaliza jumba bovu, mimi nibaki na mbuzi. Fungueni Walawi 16. Mbuzi ni wawili na wanapigiwa kura. Wa BWANA anachinjwa. Wa pili, wa Azazeli, Haruni anamwekea mikono yote miwili kichwani, anaungama makosa ya watu juu yake, kisha anapelekwa nyikani akiwa hai. Kwa hiyo mbuzi aliyebeba lawama ndiye ambaye hakuchinjwa! Kiswahili kimewaunganisha wote wawili, maana kwetu ukitaja kafara mtu anawaza kisu.

Kwangu jina hilo linataka mambo matatu: kosa liwe la wengi, achaguliwe mmoja, na kuondoka kwake kuwape waliobaki nafuu. Mhazini akivuliwa cheo, na kikao kikaendelea na chai kana kwamba ile 10,000 imerudi, huyo ni mbuzi wa kafara. Kipa aliyeachia mpira upite miguuni siye, bwana. Huyo kakosea.

Msichanganye na kafara ya yamini kwa Waislamu: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku 3. Pale anayelipa ndiye aliyevunja kiapo. Kinyume kabisa cha mbuzi wetu.

Kamusini mtaliona pia *bangusilo*, lenye maana hiyohiyo. Kwenye mtihani andikeni. Kwenye kikao mtatumia dakika tano kulifafanua.

Dada wa Ngarenaro
Mmewaruka wanaochukiwa kabla kosa halijatokea. Huyo tunasema *ana damu ya kunguni*. Hajafanya lolote, watu hawampendi basi, hata salamu yake inawakera. Wengi wanalichanganya na *gundu*, *nuksi* au *mkosi*. Mwenye gundu mambo yanaharibika akiwepo. Mwenye damu ya kunguni mambo yananyooka na bado anasemwa. Mhazini mwenye damu ya kunguni ataulizwa hata zikipatikana 200,000 kamili: kwa nini noti zimechakaa? Kwa mwanachama mpya msihangaike na damu, methali ipo: kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Chalii wa Kijenge
Kwenye mpira kuna mawili yanachanganywa kila wiki. *Kichwa cha mwendawazimu*, ambalo hayati Mzee Mwinyi anakumbukwa kwa kuliingiza kwenye soka letu, si la lawama. Ni yule ambaye kila mtu anajifunzia kunyoa kwake, yaani timu inayofungwa na kila anayepita. *Kutafuta mchawi* ndiko kwenye lawama, ila neno linawagusa wanaotafuta: wamefungwa, hawataki kujiangalia, wanazunguka kocha, refa, nyasi. Hapo mbuzi bado hajapatikana.

Halafu *kuwekwa kiti moto* ni kubanwa kwa maswali, mtu hajahukumiwa bado. Andikeni maneno mawili. Mkiyaunganisha inakuwa kitimoto, nyama ya nguruwe, na hapa Chuga (Arusha) mtaulizwa ni kilo ngapi na ndizi ziwe za kukaanga au za kuchoma.

Mdau wa Kiboriloni
Nimecheka, chalii yangu. Na kusakamwa na kuandamwa?

Katibu, Sakina
Kuandama ni kufuata, kwa hiyo kuandamwa kunachukua muda. Kusakamwa ni kubanwa papo hapo, kama tonge lililosakama kooni. Mhazini anasakamwa Jumamosi kikaoni. Miezi mitatu ikipita na bado anasemwa mpaka sokoni Kilombero, anaandamwa.

*Kusimangwa* kutoeni kwenye uzi huu. Masimango anayapata aliyepewa kitu kwanza, akala, kisha akakumbushwa.

Mwalimu, Pasua
Na *kisingizio* si mtu. Kisingizio ni ile sababu ya uongo, "mvua ilinizuia". Mtu ni *msingiziwa*.