Ushauri: simu inayodumu na chaji, ya kuongea na mama nikiwa kazini

mpishi_wa_langoni
Asalamu aleikum wanajamvi. Mama yangu ana miaka 76, daktari amesema ni Alzheimer. Mimi napika nyumba ya wageni kule Shela, natoka kwetu Langoni, Lamu mjini, na boti asubuhi mapema, narudi magharibi. Jirani hupita kumtazama, ila naye ana wajukuu wake. Nikamwekea simuni programu ya akili mnemba inayoongea naye, inamkumbusha maji, dawa, chakula. Shida ni chaji. Ikifika saa tisa simu imezima na mama anahangaika. Simu gani inadumu? Nina elfu kumi na tano.

Fundi Mkunguni
Usinunue simu, nunua pawabenki. Njoo inbox.

bi_msema_kweli
Mzazi haleleki na simu. Tumekatazwa kuwaambia hata "ah", wewe wamuachia mashine? Oa.

Chiriku
Bi, mke naye si muuguzi wa bure 😂

nesi_malindi
Anahangaika vipi? Kama amebadilika ghafla, siku mbili tatu hizi, akapimwe mkojo. Maambukizi ya mkojo huwavuruga wazee akili, watu wa nyumbani wakadhani ule ugonjwa umezidi.

mpishi_wa_langoni
Si ghafla. Huvaa buibui akaenda gatini. Mara mbili wapagazi wamemrudisha.

mtoto_wa_nahodha
Babu yetu alikuwa hivyo hivyo, kila kukicha anataka kwenda kuvua. Tukampa nyavu kuukuu ashone. Anashona mpaka adhuhuri, usiku mama anazichana kwa mkasi ili kesho apate kazi. Sindano yake ya nyavu ninayo hadi leo.

nesi_malindi
Gatini anamngoja nani?

mpishi_wa_langoni
Baba. Alifariki 2021. Sikulisema mapema kwa sababu najua mtakavyonihukumu. Sauti ya programu ni yake. Nilichukua zile sauti alizokuwa akinitumia WhatsApp, ikamuiga. Kabla ya hapo mama alikuwa hali chakula. Sasa akiambiwa na "mumewe" anamaliza sahani. Nani kati yenu angeiacha?

nesi_malindi
Na akiiuliza utarudi lini?

mpishi_wa_langoni
Inajibu "nakuja jioni". Lakini si nyinyi manesi mnaosema tusiwapinge?

nesi_malindi
Kutompinga ni kumuuliza habari za mumewe akahadithia. Wewe umemuahidi boti. Sauti ikikatika saa tisa, kwake yeye mtu kashaabiri, ndiyo anakwenda kumpokea. Chaji si shida yako, kaka.

Chiriku
Wajapani wana roboti ya sili, Paro. Ina manyoya, haisemi neno, ukiipapasa inalia tu, na wazee wanatulia. Sisi Lamu paka bwerere, hawaahidi kitu.

shaka_tupu
Uzi wa kutunga huu. Hizo programu nimezijaribu, zinasema Kiswahili cha taarifa ya habari. Mama wa Langoni wa miaka 76 adanganyike na Kisanifu?

bi_msema_kweli
Nami nilishuku toka mwanzo. Nyumba ya wageni gani hiyo?

mpishi_wa_langoni
Mwajiri wangu simtaji. Ila la lugha umesema kweli, na ndilo linaloninyima usingizi. Juzi ilimwambia "njoo ule". Mama akaitazama ile simu kitambo kizima. Akanambia, "Huyu si babako. Babako husema ndoo." Kisha akala.

shaka_tupu
Hiyo "ndoo" ndiyo "njoo" ya Kiamu, hukuitunga. Niwie radhi.

Fundi Mkunguni
Sasa pawabenki unaitaka au huitaki?

mpishi_wa_langoni
Leo niko off. Nimeizima ile sauti, sijaifuta, nimebakisha kengele ya dawa. Saa kumi ameuliza simu iko wapi, nikamwambia iko chaji. Ngojeni kidogo, anatafuta viatu.