Riale za Maria Theresa: nitajuaje kama ni madini ya fedha kweli?

Mjukuu_Kibokoni: Asalaam aleikum. Bibi yetu ameacha kidani chenye riale tatu, zile sarafu kubwa za zamani, zote za 1780. Muuzaji mmoja Mji wa Kale anasema ni bandia kwa kuwa mwaka ni ule ule. Nataka ukweli kabla hatujagawana na dada zangu.

Pwani_Juu: Weka sumaku. Ikinasa, si fedha.

Sonara_Mstaafu: Waleikum salaam, mwanangu. Sumaku haitoshi, risasi na shaba nazo hazinasi. Na mwaka usikutishe: Maria Theresa, mtawala wa Austria, alikufa 1780, na riale zilizopigwa baadaye ziliachiwa mwaka huo huo. Wazee wetu wa pwani walizipokea hivyo.

Tazama ukingo. Riale halali ina maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Bandia ya kumiminwa kwenye kalibu mara nyingi ina herufi butu na vitundu vidogo usoni. Uzito ni gramu 28.07, lakini zako zina vipete vilivyochomelewa, kwa hiyo zitazidi. Basi tumia maji: pima riale kavu, kisha weka kikombe cha maji kwenye mizani, irudishe sifuri, uizamishe yote kwa uzi bila kugusa chini, usome namba ya mizani. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Fedha yake, yaani sehemu 833 za fedha safi kwa kila 1,000, hutoa kama 10.2. Shaba haifiki 9. Tafadhali, usiisugue wala kuitia tindikali!

Mjukuu_Kibokoni: Mbili zina maandishi. Ya tatu ukingo laini kabisa.

Sonara_Mstaafu: Ipime hiyo kwanza. Mafundi wengine waliusugua ukingo walipotia kipete.