Mkate wa pilipili wa mashine umebonyea

Bi_Langoni: Asalaam aleikum. Mwanangu ameniletea mashine ya kuoka mkate kutoka Mombasa, nami nataka mkate wa pilipili wa kulia mchuzi wa samaki. Nilitia unga wa ngano gramu 450, maji mililita 310, hamira vijiko 2 vya chai, chumvi, na pilipili mbuzi 6 nilizosaga na thomu. Ukafura hadi kugusa kifuniko, kisha ukabonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Na ukali! Mume wangu kala kipande kimoja, akatoka kwenda barazani, hakurudi hadi magharibi. Nimekosea wapi?

Nahodha_Shela: Waaleikum salaam, bibi. Maji na hamira vimezidi. Pilipili zikisagwa zina maji yake, kwa hivyo punguza mililita 30. Hamira kijiko 1, na maji yawe baridi. Joto letu la Lamu huumua upesi mno.

Mama_Malindi: Usisage. Toa mbegu na ule utando mweupe wa ndani, huo ndio wenye ukali. Katakata, kaanga kidogo, utie mashine inapolia kuitisha viungo vya ziada. Wala usijiguse macho. (Usiniulize nimejuaje.)

Bi_Langoni: Nimetia pilipili 2, nikafungua kifuniko wakati wa kukanda nione donge: laini, halishiki vidole. Umetoka wima! Mume kala vipande vitatu, vingine kavipeleka barazani bila kuniuliza.